Seva ya Kisumu na nakala ya Nakuru hazilingani: tafuta chanzo kabla ya kunakili upya

Mwongozo huu ni wa fundi au msimamizi anayetunza data ya zahanati, shule, chama cha akiba na mikopo, au duka lenye matawi. Nitautegemeza kwenye mpangilio mmoja ambao ni wa kawaida sana huku kwetu. Seva kuu iko ofisini Kisumu, NAS ndogo ya diski mbili (kisanduku cha kuhifadhi faili kupitia mtandao) iko chumba cha pili katika jengo lilelile, na nakala ya tatu iko tawi la Nakuru, ikipokea data kila usiku kupitia intaneti. Mpangilio huo una maana yake. Radi ikipiga jengo la Kisumu, au maji ya mvua yakiingia ghorofa ya chini, seva na NAS zinaweza kuharibika pamoja, ilhali Nakuru iko mbali kiasi cha kubaki salama. Ila usalama huo wote unasimama juu ya swali moja ambalo wengi hawaliulizi hadi siku ya msiba: je, kilichoko Nakuru asubuhi hii ndicho kilichokuwa Kisumu jana jioni?

Ujumbe wa "imekamilika" haujibu swali hilo. Unasema tu kwamba programu ilifika mwisho wa kazi iliyopewa. Ikipewa folda tupu, itanakili folda tupu, itamaliza salama na kuweka alama ya kijani.

Kabla ya kugusa chochote

Ukigundua kwamba pande mbili hazilingani, zima ufutaji kwanza. Kwa rsync, programu ya kunakili na kulandanisha faili, ondoa `--delete` (chaguo linalofuta kwenye nakala kile kisichokuwepo kwenye chanzo) kwenye skripti ya usiku. Kwa programu nyingine, simamisha ratiba nzima. Bado hujui upande upi ndio sahihi, na ufutaji ukiendelea huenda ukaondoa nakala pekee nzima iliyobaki.

Pili, usikimbilie kuendesha kazi upya. Najua mkono huwasha, hasa meneja akiwa amesimama mlangoni akiuliza, "Fundi, bekapu iko sawa?" Lakini ukinakili upya, tarehe za faili hubadilika, logi hufunikwa na logi mpya, na chanzo cha tatizo hubaki palepale kikisubiri wiki ijayo. Weka kando nakala ya logi, kisha pima.

Vipimo vya mwanzo ni vitatu, na vyote huchukuliwa pande zote mbili wakati hakuna anayeandika kwenye data. Idadi ya faili:

`find . -type f | wc -l`

Faili mpya kabisa:

`find . -type f -printf '%T@ %p\n' | sort -n | tail -3`

Na hashi ya kila faili, yaani alama fupi inayokokotolewa kutoka kwa yaliyomo:

`find . -type f -print0 | LC_ALL=C sort -z | xargs -0 sha256sum > /tmp/orodha.txt`

Hiyo `LC_ALL=C` isiachwe. Mashine mbili zenye mipangilio tofauti ya lugha hupanga majina kwa utaratibu tofauti, na `diff` itakuonyesha mamia ya tofauti ambazo hazipo. Leta orodha ya Nakuru Kisumu, zilinganishe kwa `diff`, na sasa una ushahidi. Ni faili chache za maandishi tu zinazosafiri, kwa hiyo hata bando la simu linatosha.

Kipimo kinachonipa habari nyingi zaidi kwa haraka ni faili mpya kabisa. Ikiwa Kisumu ina faili ya jana saa kumi na moja jioni na Nakuru faili yake mpya ni ya wiki tatu zilizopita, hesabu nyingine zinaweza kungoja. Kazi ilikufa wiki tatu zilizopita, na unachotafuta ni kilichotokea siku hiyo.

Dalili: kazi inasema imekamilika, lakini Nakuru ina upungufu

Hii ndiyo dalili inayoumiza watu zaidi, kwa sababu hakuna kinachopiga kelele. Anza na diski yenyewe. Kwenye mashine ya Nakuru, diski ya nje iliyotakiwa kupachikwa kwenye `/mnt/nakala` huenda haikupachikwa baada ya stima kurudi. Folda `/mnt/nakala` bado ipo, ila sasa ni folda ya kawaida kwenye diski ndogo ya mfumo. rsync inaandika humo bila kulalamika mpaka diski ya mfumo ijae. Angalia kwa `df -h /mnt/nakala`: ukiona jina la diski ya mfumo badala ya ile ya nje, umepata chanzo. Dawa ya kudumu ni kuweka mstari huu mwanzoni mwa skripti, kwenye mashine inayoshika diski hiyo:

`mountpoint -q /mnt/nakala || exit 1`

Kisa hicho kikigeuka, kinatisha zaidi. Kama diski ya *chanzo* ndiyo haikupachikwa, na skripti ina `--delete`, programu itaona chanzo kitupu na kufuta Nakuru yote ili ilingane na utupu huo. Kwa hiyo linda pande zote mbili. Weka faili moja ya alama ndani ya data ya Kisumu, kwa mfano `.niko-hapa`, na skripti ikatae kuanza kama haioni faili hiyo.

Kama diski zimepachikwa sawa, soma msimbo ambao rsync ilimalizia nao. Sifuri ni salama. Namba 23 inamaanisha baadhi ya faili hazikunakiliwa, mara nyingi kwa sababu ya ruhusa: mhasibu aliunda folda ambayo mtumiaji wa bekapu haruhusiwi kuisoma. Namba 24 inamaanisha faili zilitoweka katikati ya kazi. Zikiwa za muda, si neno, lakini zikiwa hati za wateja ujue kuna mtu au programu inafanya kazi usiku. Skripti nyingi hutupa msimbo huu kwa kumalizia na amri nyingine, kama `echo "Imekamilika"`, na namba inayobaki ni ya hiyo echo. Hifadhi msimbo kwenye kigeugeu mara tu rsync inapomaliza.

Mashine za Windows zina matatizo yao. Faili iliyofunguliwa na Excel au programu ya uhasibu inaweza kukataa kusomwa, na dawa ni kunakili kutoka kwenye kivuli cha diski, yaani VSS, si faili hai. Majina pia hugombana: Linux inaruhusu `Ripoti.xlsx` na `ripoti.xlsx` ziishi folda moja, Windows hairuhusu, kwa hiyo moja humeza nyingine. Alama kama `:` na `?` ndani ya jina hukataliwa kabisa na Windows. Na diski ya nje ikiwa bado na mfumo wa FAT32 kama ilivyotoka dukani, haitapokea faili ya kufikia GB 4. Picha ndogo zitapita zote, na ile hifadhidata kubwa ambayo ndiyo roho ya ofisi itabaki nje. Ukiona faili zote zinazokosekana ni kubwa, usitafute kwingine.

Kama zinazokosekana ni nyingi na hazina mpangilio, angalia nafasi kwa `df -h`, kisha `df -i`. Diski inaweza kuwa na gigabaiti tele na bado ikakataa faili mpya kwa sababu nafasi za kuorodhesha faili zimekwisha. Hutokea kwenye mifumo inayohifadhi mamilioni ya faili ndogo, kama barua pepe.

Dalili: idadi inalingana, ukubwa hautoshani

Usiogope mapema. Amri ya `du` hupima nafasi iliyoshikwa kwenye diski, si urefu wa faili, na diski mbili zenye mifumo tofauti au mgandamizo tofauti hazitatoa jumla moja hata data ikiwa ileile kabisa. Tumia `du --apparent-size`, au tegemea hashi.

Dalili: idadi na ukubwa vinalingana, hashi inatofautiana

Hapa ndipo pa kutulia. rsync kwa kawaida hutazama mambo mawili tu: ukubwa na tarehe ya mabadiliko. Vikilingana, faili inarukwa. Kwa hiyo faili iliyoharibika ndani bila kubadili ukubwa wala tarehe haitaonekana kamwe, na kila usiku utaambiwa kila kitu ni shwari. Njia ya kuifichua ni kulazimisha usomaji wa yaliyomo bila kunakili:

`rsync -a -n -i -c /data/ nakuru:/mnt/nakala/`

`-n` huzuia mabadiliko, `-i` huorodhesha tofauti, `-c` hulinganisha yaliyomo. Mstari unaoanza kwa `<f+++++++++` ni faili isiyokuwepo Nakuru. `<fc........` ni faili ambayo ukubwa na tarehe vinafanana lakini yaliyomo si sawa. Huu ndio mstari wa kuchunguza kabla ya mingine yote. `.f..t......` ni tarehe pekee iliyotofautiana. Kazi hii husoma kila baiti pande zote mbili, kwa hiyo ni ya wikendi, si ya kila usiku.

Ukipata mistari ya `<fc........`, usidhani moja kwa moja kwamba Nakuru ndiyo mbovu. Fungua faili pande zote mbili. Linganisha na NAS iliyoko Kisumu. Mashahidi wawili wakikubaliana dhidi ya mmoja, umepata mwelekeo. Kisha endesha `smartctl -a` kwenye diski zote na utazame `Reallocated_Sector_Ct` na `Current_Pending_Sector`. Namba hizo zikipanda kutoka wiki hadi wiki, diski inakufa na inunuliwe nyingine sasa hivi. Diski ikiwa nzima, jaribu kumbukumbu ya RAM kwa memtest, maana RAM mbovu huharibu data wakati wa kunakili na kuiacha diski ikilaumiwa bure. Mifumo ya ZFS na Btrfs hutunza hashi za data yenyewe, na amri yake ya scrub husoma kila kitu na kutaja kilichooza. Kama unanunua NAS mpya, hiyo ni sababu nzuri ya kuchagua inayotumia mmojawapo.

Dalili: kila usiku inanakili kila kitu upya

Ukiona kazi ya dakika kumi sasa inachukua usiku mzima, na orodha ina faili za miaka iliyopita ambazo hakuna aliyezigusa, tarehe hazihifadhiwi. Angalia kama skripti ina `-a` au angalau `-t`. Bila hiyo, kila faili Nakuru hupata tarehe ya leo, na kesho yake rsync inaiona kama imebadilika. Mtumiaji wa bekapu asiyemiliki faili upande wa Nakuru pia hushindwa kuweka tarehe, na logi itasema hivyo waziwazi ukiisoma.

Diski za FAT huhifadhi tarehe kwa hatua za sekunde mbili, kwa hiyo faili ya sekunde ya 31 huandikwa kama ya 30 au 32. Ongeza `--modify-window=1` na kelele hiyo itaisha.

Dalili: faili zilizobadilishwa leo zinaachwa, za zamani zinaonekana mpya

Saa ya mashine imepotea. Nalipatia jambo hili nafasi kubwa kwa sababu kwa mazingira yetu ya stima kukatika, ni chanzo cha mara kwa mara kuliko vitabu vinavyoonyesha. Kompyuta ya kaunta ina betri ndogo ya CR2032 inayotunza saa ikizimwa. Betri ikifa, kila stima ikipotea mashine huamka ikiwa miaka nyuma. Mhudumu haoni tofauti, anaingiza malipo, na faili inahifadhiwa kwa tarehe ya zamani. Sasa kama skripti yako ina `-u`, rsync itasema nakala ya Nakuru ni mpya kuliko ya Kisumu na kuiacha. Data ya leo haisafiri, bila kosa lolote kuandikwa. Saa iliyopotea sana huvunja pia miunganisho salama ya mtandao, kwa kuwa vyeti huonekana havijaanza kutumika au vimekwisha muda.

Pima kila mashine inayoandika data, si seva peke yake. Kwenye Linux, `timedatectl` ikupe "System clock synchronized: yes", na `chronyc tracking` ikuonyeshe tofauti ya sehemu ndogo za sekunde. Kwenye Windows, `w32tm /query /status`. Ukiona chanzo ni "Local CMOS Clock", mashine inajiamini yenyewe na hailandani na mtu. Badilisha betri, washa NTP (huduma ya kusawazisha saa kupitia mtandao), na katika ofisi ambayo intaneti hupotea mara nyingi fanya seva moja iwe chanzo cha saa cha mashine zote za ndani. Kulandana wao kwa wao ni bora kuliko kila moja kwenda njia yake.

Kuna mkanganyiko wa pili unaohusu majira. Mashine nyingi za kukodi kwenye wingu hutumia UTC, yaani saa ya kimataifa, na sisi tuko saa tatu mbele yake mwaka mzima. Logi ya wingu ikisema kazi ilianza 23:00, kwetu ilikuwa 02:00, yaani saa nane usiku. Na hapohapo angalia ratiba ya kroni, programu ya Linux inayoanzisha kazi kwa saa iliyopangwa: saa nane usiku huandikwa `0 2 * * *`. Nimekuta ratiba zilizoandikwa `0 8 * * *` na mtu aliyekusudia usiku, na bekapu ikawa inaanza saa mbili asubuhi, wateja wakiwa kwenye foleni, faili zote zimefunguliwa na mtandao umeelemewa. Dalili yake ni kwamba kazi huwa na upungufu siku za kazi na huwa kamili Jumapili.

Na kama mashine ilikuwa imezimwa saa nane usiku, kroni haitailipa zamu hiyo. Usiku wa tarehe 25 Agosti 2023 stima ilipotea karibu nchi nzima, na sehemu nyingine zilikaa gizani hadi siku ya pili. Kila ratiba ya kroni iliyopita ndani ya masaa hayo iliruka tu. Tumia anacron, au kipima saa cha systemd chenye `Persistent=true`, ambacho huendesha zamu iliyokosekana mara mashine inapoamka.

Dalili: inaanza vizuri, inakwama katikati

Piga hesabu kwanza. Laini yenye kasi ya kupakia ya megabiti 10 kwa sekunde huchukua takriban sekunde 800 kwa kila gigabaiti. Gigabaiti 40 ni karibu saa tisa. Kama mabadiliko ya siku yamefikia hapo, hakuna kilichoharibika. Usiku umekuwa mfupi. Mara nyingi chanzo ni folda ya video za kamera za usalama iliyoongezwa kimyakimya. Itoe, au ipelekewe ratiba yake. Kazi ya jana ikiwa bado inaendelea wakati ya leo inaanza, zitagombania faili zilezile, kwa hiyo funga skripti kwa `flock -n` ili ya pili isianze.

Hesabu ikikubali na bado inakwama, tazama inapokwamia. Kama kuingia kwa SSH (njia salama ya kuingia mashine ya mbali) kunafanya kazi na faili ndogo zinapita, ila faili kubwa husimama palepale kila mara, shuku ukubwa wa pakiti. Laini za PPPoE hubeba baiti 1492 badala ya 1500, na njia ya VPN hupunguza zaidi. Jaribu kutoka Kisumu:

`ping -M do -s 1464 anwani-ya-nakuru`

Isipopita, shusha namba hadi ipite, ongeza 28, na hiyo ndiyo MTU, yaani ukubwa wa juu wa pakiti, ya kuweka. Kama muunganisho hufa baada ya ukimya wa dakika chache, hasa tawi likiwa kwenye modemu ya simu, ni ruta za njiani zinazosahau muunganisho usiosema kitu. `ServerAliveInterval 30` kwa SSH, au `PersistentKeepalive = 25` kwa WireGuard, hutosha. Tawi la modemu pia huwa halina anwani yake ya umma, kwa hiyo Kisumu haiwezi kulipigia. Acha tawi lenyewe ndilo lianzishe mawasiliano.

Ndani ya jengo, endesha `ethtool` kwenye kadi ya mtandao. Ukiona 100Mb/s mahali ulipotarajia 1000, waya una jozi zilizokatika: gigabiti inahitaji jozi zote nne, mia inahitaji mbili tu. Kutoka Kisii hadi Kakamega radi ni jambo la kila msimu wa mvua, na swichi iliyoguswa na radi haifi yote wakati wote; mlango mmoja hubaki ukipoteza pakiti kwa miezi. Hamisha waya kwenye mlango mwingine uone. Waya wa shaba usiunganishe majengo mawili, weka faiba.

Tofautisha pia njia ya Nakuru na njia ya wingu la ng'ambo. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipata hitilafu na intaneti ya Afrika Mashariki ikazorota sana. Siku kama hiyo, bekapu ya Ulaya inaweza kukwama huku ya Nakuru ikipita, maana data ya Nakuru haivuki bahari. Kwa hiyo kuwa na nakala ndani ya nchi na nyingine nje hukupa pia kipimo: ikikwama moja pekee, unajua upande wa kutazama.

Dalili: hifadhidata inasema iko nyuma kwa sekunde sifuri, lakini miamala haipo

Kwanza jiulize kama hifadhidata inanakiliwa kama faili. Kunakili folda ya MySQL au PostgreSQL kwa rsync huku seva ikiendelea kuandika hutoa mchanganyiko wa nyakati mbalimbali: kurasa za mwanzo ni za saa nane, za mwisho ni za saa nane na robo. Hashi zinaweza kulingana kesho yake na bado hifadhidata ikakataa kuwaka. Toa data kwa `mysqldump --single-transaction` au `pg_dump`, kisha nakili hiyo. Faili ya mysqldump iliyokamilika huishia na mstari wa "Dump completed". Angalia kwa `tail -1`. Ukikosa mstari huo, stima, nafasi au muunganisho ulikatika katikati, na faili hiyo si bekapu hata ikiwa na gigabaiti nyingi.

Kama ni replika ya MySQL, yaani hifadhidata ya pili inayofuata mabadiliko ya ile kuu, kipimo cha `Seconds_Behind_Source` hudanganya kwa namna moja ya hatari: hupima ucheleweshaji wa kutekeleza kile replika ilichokwisha kupokea. Mtandao ukiwa mzito na mabadiliko hayajafika, itasema sifuri kwa haki kabisa. Ikisema NULL, utekelezaji au upokeaji umesimama. Soma kosa katika `SHOW REPLICA STATUS`. Kipimo cha kuaminika ni kuandika saa ya sasa kwenye jedwali dogo la Kisumu kila dakika, kisha kulisoma jedwali hilo Nakuru. Tofauti ndiyo ucheleweshaji halisi. Jedwali hilo linasaidia PostgreSQL pia, kwa sababu `pg_last_xact_replay_timestamp()` huonyesha ucheleweshaji unaokua usiku kucha pale ambapo hakuna muamala wowote.

Replika inaweza kuwa haiko nyuma na bado isilingane, kwa mfano mtu akiandika moja kwa moja Nakuru. Iweke replika iwe ya kusoma tu, na linganisha majedwali mara kwa mara kwa pt-table-checksum. Kwa chama cha akiba, mimi huongeza ukaguzi ambao hata mhasibu anauelewa: jumla ya salio zote na namba ya muamala wa mwisho, pande zote mbili, zisainiwe kila Jumatatu.

Dalili: faili zenye neno "sync-conflict" ndani ya jina

Hii ni Syncthing, programu ya kulandanisha folda, ikikuambia watu wawili walihariri faili moja pande mbili kabla hazijaonana. Usizifute. Mpe mwenye hati achague, kisha amueni upande mmoja tu ndio uandike.

Dalili: faili haipo Kisumu wala Nakuru

Pande zinalingana kikamilifu na data imepotea. Ulandanishaji umefanya kazi yake: mtu alifuta, au virusi vya kudai fidia vilifunga faili, na mabadiliko hayo yakasafiri usiku uleule. Hakuna hashi itakayokusaidia hapa. Kinachohitajika ni matoleo ya nyuma: picha za kila siku kwenye NAS, au programu za bekapu za restic na Borg zinazohifadhi kila usiku peke yake, pamoja na diski moja ambayo hukaa imechomolewa. Seva ya Kisumu isiwe na ruhusa ya kufuta matoleo ya Nakuru. Na kwa kuwa humo mna majina na rekodi za watu, matoleo hayo yafungwe kwa nenosiri. Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 hailegezi wajibu kwa sababu ni nakala tu.

Kuthibitisha kwamba imepona

Mnamo tarehe 31 Januari 2017, GitLab, kampuni ya kutunza msimbo wa programu mtandaoni, walifuta kwa bahati mbaya data ya hifadhidata yao kuu. Walipogeukia bekapu, wakakuta nakala za pg_dump hazikuwa zikitengenezwa, kwa sababu pg_dump ya toleo la 9.2 ilikuwa inatumika dhidi ya seva ya PostgreSQL ya 9.6 na ilikuwa ikishindwa. Barua pepe za onyo zilikuwa zinatumwa, ila zilikataliwa njiani kwa kukosa saini sahihi. Waliokolewa na picha ya diski ya takriban saa sita kabla. Waliandika hayo yote hadharani, nami nawashukuru, kwa sababu yanaonyesha chanzo cha pili kinachosahaulika: onyo lenyewe nalo huharibika.

Kwa hiyo geuza onyo lako. Badala ya kungoja ujumbe wa kushindwa, dai ujumbe wa kufaulu kila asubuhi, na mashine ya tatu ipige kelele ujumbe huo usipofika hadi saa mbili. Ndani yake weka namba, si neno "sawa": idadi ya faili, tarehe ya faili mpya kabisa, msimbo wa rsync, nafasi iliyobaki.

Kisha rejesha. Kila mwezi chagua faili kadhaa bila mpangilio, za zamani na za jana, zitoe Nakuru hadi kompyuta ambayo haijawahi kuwa nazo, uzifungue. Hifadhidata iwashwe kwenye mashine ya majaribio na mhasibu atafute risiti anayoikumbuka. Watumiaji wa restic waendeshe `restic check --read-data-subset=5%`, wa Borg `borg check --verify-data`. Pima pia muda wa kurejesha, maana siku ya msiba swali la kwanza la mkurugenzi litakuwa ni lini ofisi itafunguliwa.

Vipimo vikilingana kwa wiki nzima, ndipo urudishe ufutaji, na usiurudishe ukiwa huru. Weka `--backup --backup-dir=` ili kinachoondolewa kihamie folda ya tarehe badala ya kupotea, folda hiyo ikae nje ya ile inayolandanishwa, na `--max-delete=100`, au namba inayolingana na kazi ya kawaida ya ofisi yako. Kikomo hicho kikifikiwa, rsync huacha kufuta na kumaliza na msimbo 25. Msimbo huo uukute kwenye ujumbe wako wa asubuhi.